Vyuma vizito, testosteroni na kipimo cha saa kumi jioni

"Daktari, mimi ni mwanamume wa miaka 33, naishi Githurai na nafanya kazi Eneo la Viwanda. Nilianza kuinua vyuma mwaka jana katika jimu ya mtaani. Instrakta wetu anasema ukitaka mwili lazima upandishe testosteroni, na kwamba homoni hiyo haipandi mpaka ubebe uzito wa kukutoa roho, hasa mazoezi ya miguu, na upumzike kidogo sana kati ya seti. Miezi minne sasa nafanya hivyo siku sita kwa wiki, usiku nikitoka kazini. Nalala saa tano na nusu, naamka saa kumi na nusu alfajiri kuwahi matatu. Nimeacha ugali wa jioni ili tumbo liishe. Nimeshuka kutoka kilo 84 hadi 77. Shida ni kwamba uzito niliokuwa nabeba mwanzoni sasa unanishinda, nachoka, na chumbani hamu imepungua hata mke wangu ameuliza. Wiki jana nilitoka kazini mapema nikapitia maabara, saa kumi jioni, nikapimwa: 290. Karatasi inasema kawaida ni kuanzia 300. Mwenzangu wa jimu ana 640. Kuna kijana pale anauza sindano za testosteroni, anasema nitakuwa sawa kwa mwezi mmoja. Tunatafuta mtoto wa pili. Niongeze uzito, nipunguze, ama nichome hiyo sindano? Na mke wangu angependa kuja jimu lakini anaogopa kuota misuli ya kiume."

Ndugu yangu, sindano usichome. Nimeanza na hilo kwa sababu mengine yote tunaweza kuyazungumza polepole, lakini hilo kijana anaweza kukuuzia leo jioni kabla hujamaliza kusoma.

Nikikusikia vizuri, unaona mlolongo mmoja: vyuma havikuwa vizito vya kutosha, kwa hiyo homoni haikupanda, kwa hiyo misuli na hamu vimekwisha, na sasa karatasi ya maabara imethibitisha. Mimi naona mambo matatu tofauti yaliyokutana kwa mtu mmoja: mwili uliochoka, njaa ya miezi minne, na damu iliyotolewa saa isiyofaa. Vyuma vyenyewe vina kosa dogo tu.

Instrakta wako hakukudanganya kabisa. Ni kweli mazoezi ya vyuma hupandisha testosteroni, homoni ya ukuaji na kortisoli, ile homoni ya msongo, na ni kweli kwamba namna unavyoinua hubadilisha kiwango cha kupanda. Lakini hata hapo amepindua jambo. Wataalamu wakisema mazoezi "makali" ya vyuma hawazungumzii jasho wala kelele. Wanapima asilimia ya uzito wa juu kabisa unaoweza kuuinua mara moja tu. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Finland, Häkkinen na Pakarinen, waliwapa wanaume waliozoea vyuma kazi mbili siku tofauti, zote za kuchuchumaa na chuma mabegani. Siku moja waliinua uzito wao wa juu kabisa, mara moja moja, seti 20. Siku nyingine walitumia asilimia 70 tu ya uzito huo, lakini seti 10 za marudio 10. Ule uzito wa kutoa roho haukuitikisa sana testosteroni. Ni ile kazi ya uzito wa wastani, nyingi na ya kuchosha, iliyopandisha homoni kwa kishindo, kortisoli ikiwemo. Kwa hiyo kama lengo lingekuwa kupandisha homoni kwa muda, basi wingi wa kazi, misuli mikubwa na mapumziko mafupi vina nguvu kuliko uzito peke yake.

Lakini lengo lisiwe hilo, na hapa ndipo ningependa ukae nami kidogo.

Kule kupanda ni kwa muda mfupi mno. Testosteroni hupanda unapofanya mazoezi na mara tu baada ya kumaliza, na kwa kawaida ndani ya saa moja hivi imerudi ilipokuwa, wakati mwingine chini kidogo ya ilipokuwa. Tena sehemu ya kupanda huko wala si homoni mpya. Unapoinua vyuma, maji hutoka kwenye damu na kuingia katika misuli inayofanya kazi, na ini, likiwa limepunguziwa damu, hupunguza kasi ya kuisafisha homoni iliyopo. Ni kama uji ulioachwa jikoni: ukizidi kuwa mzito haina maana umeongeza unga. Manyunyu ya asubuhi ya Julai hapa Nairobi yanalowesha koti, lakini hayajazi bwawa la Ndakaini.

Je, manyunyu hayo yanajenga misuli hata kidogo? Watu walipima. Katika Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, kundi la Stuart Phillips lilichukua vijana 12 na kuwafanyisha mazoezi ya mikono kwa wiki 15. Mkono mmoja ulifanyishwa peke yake, homoni zikiwa zimetulia. Mkono wa pili, siku nyingine, ulifuatiwa papo hapo na mazoezi mazito ya miguu yaliyofurisha damu homoni. Mtu ni yuleyule, chakula kilekile, wazazi walewale. Mwishowe mikono yote miwili ilikua sawa na kupata nguvu sawa. Ile hadithi ya kwamba siku ya miguu "inalisha" mikono iliishia hapo, ingawa naona bado inaishi vizuri tu katika jimu zetu.

Mwaka 2016 maabara hiyohiyo ilirudi na wanaume 49 waliokwisha kuzoea vyuma. Kwa wiki 12 nusu yao waliinua vyepesi, marudio 20 hadi 25 kila seti, na nusu wakainua vizito, marudio 8 hadi 12, wote wakienda hadi kuchoka kabisa. Misuli ilikua karibu sawa katika makundi yote mawili. Na aliyepandisha homoni sana baada ya zoezi hakukua kuliko aliyepandisha kidogo.

Msuli hukua kwa sababu wenyewe umevutwa. Nyuzi zake zina vihisio vinavyotambua mzigo, na vikishatambua huwasha ujenzi wa protini humohumo ndani, unaoendelea kwa saa 24 hadi 48 ukiwa na chakula na usingizi. Ndiyo maana ukifanyisha mkono wa kulia peke yake, wa kushoto haukui nao, ingawa damu inayopita ni ileile. Testosteroni ni kama saruji iliyopo kwenye eneo la ujenzi. Ikikosekana kabisa, nyumba haijengwi. Ikiwepo ya kutosha, kulirundika lori jingine kwa dakika arobaini kisha kuliondoa hakuongezi ghorofa.

Najua utakaloniuliza, maana huulizwa kila mara: mbona wanaochoma sindano huvimba? Kwa sababu hayo si manyunyu tena, hayo ni masika. Mwaka 1996 utafiti wa Bhasin na wenzake nchini Marekani uliwapa wanaume miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki 10. Hata wale walioambiwa wasiguse vyuma waliongeza takriban kilo 3 za mwili usio mafuta. Kipimo hicho ni mara nyingi zaidi ya kile mwili hutengeneza, na damu hukaa nacho usiku na mchana kwa majuma. Zoezi lolote la chuma, uwe unainua lori, halikaribii huko. Kwa hiyo sindano inafanya kazi, sitakuficha. Swali ni inafanya kazi gani nyingine, nami nitalifikia.

Sasa wewe. Amri ya kutengeneza testosteroni haitoki kwenye korodani, hutoka kichwani. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutuma ishara kwa mapigo, tezi ya pituitari inaipokea na kutoa homoni ya LH, na hiyo ndiyo inayoziambia korodani zifanye kazi. Mapigo hayo hutegemea sana usingizi. Testosteroni hupanda usiku ukiwa umelala na kufika kilele asubuhi. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 2011, vijana 10 wenye afya waliruhusiwa kulala kwa muda wa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja! Wewe, ukihesabu kutoka saa tano na nusu hadi saa kumi na nusu, una saa hizohizo tano, na umekwenda nazo miezi minne.

Halafu kuna chakula. Kilo saba kwa miezi minne si kasi ya kutisha kwa mtu anayepumzika, lakini wewe ulikuwa unabeba vyuma siku sita huku umeondoa mlo. Mwili ukiona matumizi yamezidi mapato hufanya kama nyumba yoyote mwisho wa mwezi: kodi hulipwa, moyo na ubongo vinapata chao, na kinachoahirishwa ni kile kinachoweza kungoja. Kuzaa kunaweza kungoja. Haipothalamasi hupunguza mapigo yake, LH inashuka, testosteroni inafuata, na hamu ya chumbani inapoa. Kwa wanariadha wa kike dalili yake huonekana wazi, hedhi hukatika. Kwa mwanaume hakuna kalenda ya kumwambia, ndiyo maana wengi huja kliniki wamechelewa.

Kortisoli nayo imesingiziwa mengi. Utasikia kwamba ukizidisha dakika 60 jimu kortisoli "inakula misuli". Homoni hiyo hupanda kila asubuhi ili uweze kuamka, na hupanda ukifanya kazi ngumu ili sukari ipatikane kwenye damu. Tuiache hapo.

Kuhusu ile 290. Naichukulia kuwa ni nanogramu kwa desilita, kwa kuwa karatasi yako imeweka mpaka wa 300. Kwa wanaume wa rika lako, kipimo cha saa kumi jioni huwa chini ya kile cha saa mbili asubuhi kwa takriban asilimia 20 hadi 25. Chakula nacho, hasa chenye sukari, hukishusha kwa muda. Kwa hiyo mtu yuleyule, asubuhi, kabla ya chai na mandazi, huenda angesoma zaidi ya 350, na usingekuwa unaniandikia kwa hofu hii. Hatutoi hukumu kwa kipimo kimoja, na kamwe si kwa cha jioni. Rudia mara mbili, siku mbili tofauti, kati ya saa moja na saa nne asubuhi, bila kula, baada ya usiku wa usingizi wa kweli, bila mazoezi mazito siku iliyotangulia na bila homa. Kama zote mbili zitakuwa chini, hapo ndipo daktari ataomba LH, pamoja na FSH na prolaktini, homoni nyingine mbili za pituitari, ili ajue hitilafu iko kichwani au korodanini, na bila shaka ataangalia tezi ya shingo, sukari na wingi wa damu, kwa sababu uchovu una baba wengi.

Na 640 ya mwenzako mwachie. Ndani ya kiwango cha kawaida, nambari haitabiri nani atakuwa na mabega mapana.

Nirudi kwenye sindano. Testosteroni ya nje ikiingia kwa wingi, haipothalamasi na pituitari huiona, zikafikiri kazi imekwisha, zikafunga duka. LH inashuka hadi karibu sifuri, FSH pia, na korodani zisipopata amri husinyaa na kuacha kutengeneza mbegu. Hili halina ubishi. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu testosteroni kama njia ya kupanga uzazi ya wanaume: katika matokeo yaliyotolewa mwaka 1990, waliochomwa miligramu 200 kwa wiki, zaidi ya nusu yao hawakuwa na mbegu hata moja ndani ya miezi sita. Mwanamume anayetafuta mtoto wa pili anauziwa dawa iliyofanyiwa majaribio ya kuzuia mtoto! Wengi hurudi hali yao wakiacha, lakini huchukua miezi kadhaa, kwa wengine hupita mwaka, na katika miezi hiyo utajihisi vibaya kuliko ulivyo leo. Bado sijagusa damu kuwa nzito, wala majipu ya sindano zisizo safi, wala ukweli kwamba kilichoandikwa kwenye chupa ya kijana wa jimu hakuna aliyekihakikisha. Ukiwa na ndoto ya kushindana rasmi katika mchezo wowote, ujue pia kwamba ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, hupima hiyo.

Sitaki uondoke ukidhani dawa yenyewe ni ya shetani. Ninao wagonjwa ambao korodani au pituitari zao zimeharibika kweli, nami huwaandikia testosteroni kwa moyo mweupe, na maisha yao hubadilika. Lakini hata kwa hao, kama wanataka mtoto, tunatumia dawa nyingine zinazoamsha mbegu badala ya kuzizima.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Wiki moja nzima usiguse chuma, tembea tu. Kisha urudi kwa siku tatu, si sita: Jumamosi, Jumatatu na Alhamisi, kwa mfano, ili usiku wa siku nyingine uwahi kitanda saa tatu na nusu. Hilo la usingizi ndilo gumu kwako, najua, kwa kuwa Thika Road haikungojei. Ikibidi kuchagua kati ya saa moja ya jimu na saa moja ya kulala siku za kazi, chagua kulala. Uzito uwe wa wastani hadi mzito, marudio 6 hadi 12, na kila seti uiache ukihisi ungeweza mawili zaidi. Pumzika dakika mbili au tatu kati ya seti za mazoezi makubwa. Mapumziko ya sekunde thelathini yanakupunguzia tu uzito unaoweza kubeba. Ukitaka nguvu hasa, kuna nafasi ya marudio matatu au matano ya uzito mkubwa mara moja kwa wiki. Ukiwa na goti linalouma, uzito mwepesi wa marudio 20 nao hujenga, mradi ufike karibu na kushindwa.

Nilipita jimu moja ya mtaani siku si nyingi nikakuta vyuma vya mikebe ya rangi iliyojazwa zege. Vinatosha kabisa kwa haya yote.

Rudisha ugali. Kwa uzito wako lenga protini ya gramu 120 hivi kwa siku. Kikombe cha ndengu zilizopikwa kina takriban gramu 14, yai moja gramu 6, gilasi ya maziwa gramu 8, na omena ni samaki wa bei nafuu wenye protini nyingi kuliko watu wanavyowaheshimu. Usipunguze uzito mwezi huu. Tumbo litashughulikiwa baadaye, polepole. Baada ya wiki nane za kulala na kula, rudia vile vipimo viwili vya asubuhi.

Mke wako mwambie aje. Wanawake wana testosteroni kidogo sana, mara nyingi chini ya moja ya kumi ya yenu, na bado vyuma huwapa nguvu na mifupa imara. Ile maabara ya Canada ililinganisha vijana wa kike na wa kiume: baada ya zoezi zito, mwinuko wa testosteroni wa wanaume ulizidi wa wanawake kwa mara 45, lakini ujenzi wa protini kwenye misuli uliongezeka karibu sawa. Atapata nguvu. Ndevu hatapata, na hao unaowaona mitandaoni wana miaka mingi ya kazi, na baadhi yao wana sindano.

Usingoje wiki nane kama kuna lolote kati ya haya: maumivu ya kichwa yasiyoisha pamoja na kutoona vizuri pembeni, matiti kuvimba au kutoa maji, uvimbe mgumu kwenye korodani, au kama asubuhi huamki kabisa na dalili za uanaume kwa majuma. Hayo yanahitaji daktari uso kwa uso, na kliniki ya homoni ya hospitali kubwa ya rufaa ikibidi. Mkojo ukigeuka rangi ya strungi baada ya mazoezi huku misuli imevimba na kuuma vibaya, nenda hospitali siku hiyohiyo, usiku hata. Misuli iliyopasuka humwaga vitu vinavyoweza kuziba figo, na vidonge vya maumivu vya dukani huongeza madhara. Na kama uchovu umegeuka kuwa giza moyoni, hilo pia ni ugonjwa, na linatibika.

Kuhusu mtoto, mkiwa mmejaribu mwaka mzima bila kinga na hakuna kitu, au miezi sita kama mama ana miaka 35 au zaidi, mje wawili. Kipimo cha manii huambia mengi kuliko ile 290, nacho kinahitaji uwe umekaa siku mbili hadi saba bila kutoa. Na kama ulikwisha kuchoma sindano moja kabla ya kuandika, ukaona haya kuitaja, mwambie daktari atakayekuona jina lililokuwa kwenye chupa na tarehe. Hatukugombezi. Bila hayo, tukikuta LH yako iko chini, tutatafuta uvimbe kwenye pituitari yako bure.